Kabla chumvi na unyevu wa Dar havijala medali yako ya UMISSETA

Aliyevaa jezi ya shule akafika ngazi ya mkoa kwenye UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, ana haki ya kujivunia maisha yake yote. Unachaguliwa shuleni, unapita kata, unapita wilaya, ndipo unaitwa kambi ya mkoa, na njiani wanabaki wachezaji wazuri sana. Kufika huko kwa riadha, netiboli, soka, kikapu au mikono ni kazi uliyoifanya kwa jasho lako, tena ukiwa na mitihani mbele yako.

Tatizo ni ushahidi. Filbert Bayi alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16 kule Christchurch mwaka 1974, na hakuna anayebishana naye kwa sababu muda ule uliandikwa. Mashindano ya shule hayana bahati hiyo. Matokeo ya wilaya hubandikwa kwenye ubao wa matangazo, wiki ikipita karatasi imechanika. Mwalimu wa michezo akihamishwa, daftari lake linaondoka naye. Kinachobaki ni kile kilichomo kabatini kwako: cheti, medali, jezi, picha chache. Na kabati la Dar es Salaam, hasa kuanzia masika ya Machi mpaka Mei, ni mahali pabaya kwa vitu hivyo vyote.

Anza na maandishi kabla hujagusa medali. Chuma kinaweza kusubiri mwaka mwingine, kumbukumbu za watu hazisubiri. Chukua kaunta buku ya kwaya 1, utenge kurasa kwa kila mwaka uliocheza. Andika kidato, mchezo, nafasi yako, namba ya jezi, nahodha, mwalimu wa michezo, mliocheza nao, shule mlizokutana nazo, uwanja, na matokeo. Usichokikumbuka kiachie mstari mtupu. Usijaze kwa kukisia, maana kisio likishaandikwa kwa wino wenzako watalichukua kama lilivyo, na baada ya muda hakuna atakayejua lilianzia wapi. Ulichoshuhudia mwenyewe kiwekee nyota, ulichosimuliwa kiwekee alama ya kuuliza. Na kuwa mkweli kuhusu ngazi: kuitwa kambini ni jambo moja, kusafiri na timu ni jingine, kuingia uwanjani ni jingine kabisa. Yote matatu ni ya heshima, lakini yaandike yalivyokuwa.

Mwaka ndio unaosumbua watu kuliko kitu chochote. Ipo njia ya kuukamata. Kabla ya 2015 mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na wilaya 3 tu: Ilala, Kinondoni na Temeke. Kwa hiyo aliyesoma maeneo ya Ubungo siku hizo aliiwakilisha Kinondoni, na wa Kigamboni aliiwakilisha Temeke. Cheti kikiandikwa Wilaya ya Ubungo, basi ni cha baada ya mabadiliko hayo. Viwanja navyo vinasaidia. Kwa wa zamani, "Taifa" ni ule ambao leo ni Uwanja wa Uhuru. Uwanja mkubwa wa jirani ulifunguliwa 2007 na ukapewa jina la Benjamin Mkapa mwaka 2020. Mtu akikuambia walicheza Taifa, muulize kwanza ni upi. Kumbuka pia kwamba mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali ilisimamisha UMISSETA na UMITASHUMTA, yale ya shule za msingi, kwa kipindi. Kama picha yako inadaiwa kuwa ya mashindano ya kitaifa ya miaka hiyo, rudi ukaihakikishe. Huenda ni bonanza, au ni mechi ya shule na shule.

Ukimaliza ukurasa wa kwanza, mtafute mwalimu wako wa michezo kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa sababu ya umri wake. Piga simu, usitume ujumbe. "Shikamoo mwalimu," kisha jitambulishe kwa shule, mwaka na nafasi uliyocheza, kwa kuwa amefundisha mamia na jina peke yake halitoshi. Nenda kwake na picha mkononi. Ukimuuliza "unakumbuka nini, mwalimu?" atakupa maneno ya jumla. Mwekee kidole kwenye uso wa mtu umuulize, "Huyu aliyeshika mpira alikuwa kidato cha ngapi?" Jibu moja linavuta lingine. Mwombe ruhusa ya kurekodi, weka simu mezani karibu naye, kama sentimita 30 hivi, uzime feni, maana sauti ya feni hufunika maneno ya mzee anayeongea taratibu. Dakika 40 zinatosha. Akichoka, panga siku nyingine.

Sasa picha, na hapa ndipo hasara kubwa hutokea. Picha ya karatasi iliyobanwa kwenye kioo cha fremu hunata. Uso wa picha una utando wa jelatini, na jelatini ikivuta unyevu hulainika, ikikauka inashikana na kioo. Ukiona madoa yanayong'aa kama maji chini ya kioo, tayari imeanza. Usiivute, usiiloweke, usiipulizie kitu. Iache na kioo chake, ifute kioo kwa nje, kisha iskani au ipige picha hivyohivyo. Kwa picha nyingine zote, mwambie fundi wa fremu aweke kadi ya pembeni yenye unene wa milimita 2 au zaidi kati ya picha na kioo, ili visigusane. Albamu zile za kurasa zenye gundi na nailoni ya kufunua ni mbaya pia: gundi huwa ya njano na kuila picha kwa nyuma. Kama picha inatoka kirahisi, itoe leo. Kama inagoma, pitisha uzi wa kusafishia meno chini yake polepole, ukianzia kwenye kona moja.

Majina yaandikwe nyuma kwa penseli laini ya 2B, pembezoni, picha ikiwa juu ya meza ngumu na mkono usikandamize. Kalamu ya wino hupenya au huhamia kwenye picha iliyo chini yake. Karatasi za picha za siku hizi zina plastiki nyuma na penseli haishiki. Hizo ziweke kwenye bahasha, uandike juu ya bahasha kabla ya kuingiza picha. Fuata mpangilio mmoja siku zote: waliosimama kutoka kushoto, kisha waliochuchumaa kutoka kushoto. Usiyemjua andika "hajatambuliwa", usimruke, kwa sababu ukimruka majina yote yanayofuata yatakaa kwa watu wasio wao. Kosa hili tunaliona mara nyingi kuliko jingine lolote.

Ukienda kuskani kwenye duka la steshenari, usiseme tu "niskanie". Kijana wa pale atakutolea PDF ya ubora wa barua na kukutumia WhatsApp, na hapo nyuso zimeshapotea. Sema hivi: rangi, hata kama picha ni nyeusi na nyeupe, dpi 600 (yaani nukta 600 kwa kila inchi), faili ya JPEG ya ubora wa juu, na uweke kwenye flashi yangu. Picha ya inchi 4 kwa 6 ukiiskani kwa dpi 600 inakupa pikseli 2,400 kwa 3,600, na unaweza kuichapa tena kwa inchi 8 kwa 12 bila kupoteza kitu. Mwombe afute kioo cha skana kwanza. Chembe moja ya vumbi itaangukia usoni kwa mtu. Ukilazimika kuwatumia wenzako kwa WhatsApp, itume kama nyaraka na si kama picha, maana ikienda kama picha programu huipunguza. Faili zipe majina yanayosomeka: mwaka, shule, mchezo, namba. Kisha hifadhi nakala 3, moja wapo ikae nje ya nyumba yako, kwa ndugu au mtandaoni. Memori kadi ya simu ya zamani isihesabiwe kuwa nakala. Inakufa bila kuaga.

Cheti: usikipige laminesheni. Tunajua kila steshenari ina mashine hiyo na kila mzazi anaamini ni ulinzi. Lakini joto lile linaweza kuharibu maandishi, baadhi hugeuka meusi palepale, na gundi yake haitoki tena. Mashine ikikwama katikati, cheti kinakunjamana milele. Kingo zikikatwa karibu sana na karatasi, unyevu unaingia pembeni na ukungu unaota ndani pasipofikika. Badala yake kiweke kwenye mfuko wa plastiki ngumu ya faili isiyo na harufu. Plastiki yenye harufu kali huvuta wino wa muhuri na wa saini. Weka kadi nyuma kisikunjike, na kilale bapa.

Medali nyingi za shule ni aloi ya zinki au chuma, juu yake umepakwa utando mwembamba sana wa rangi ya dhahabu, fedha au shaba. Jaribu kwa sumaku ndogo. Ikinasa, ni chuma, nayo kutu itaanzia ukingoni na kwenye tundu la utepe, ambako utando huwa mwembamba zaidi. Watu husugua medali kwa ndimu, majivu, dawa ya meno au dawa ya kung'arishia shaba. Siku hiyo inang'aa. Mwezi unaofuata imekuwa na mabaka ya kijivu, kwa sababu utando wenyewe ndio uliosuguliwa ukaisha. Futa kwa kitambaa laini cha pamba kikavu. Kama kuna chumvi ya jasho, tumia kitambaa chenye unyevunyevu wa maji safi, kausha papo hapo, iache mezani saa 2 kabla ya kuifungia. Utepe usiloweke, rangi zake huchuja. Usifunge medali kwa mpira wa kubania, maana mpira una salfa na huacha mstari mweusi, wala usiizungushie gazeti.

Kila medali ifunge kwenye kipande chake cha kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila dawa ya kulainisha, kisha zote ziingie kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko unaobana. Kwa kontena la lita 5, weka silika jeli, zile chembe za kuvuta unyevu, ya gramu 20 hivi. Vile vipakiti vya kwenye maboksi ya viatu ni vidogo, na kama vimekaa wazi vimeshashiba unyevu, kwa hiyo havisaidii. Nunua zile zinazobadilika rangi ujue zimechoka. Unazikausha kwenye oveni kwa nyuzi 120 kwa saa 2, zinarudi kazini. Chagua za rangi ya machungwa, kwani za bluu huwa na kobalti na si salama kwenye nyumba yenye watoto. Mchele hauwezi kazi hii, tena unaita mende na panya. Fungia kontena siku ya jua kali mchana, usifungie usiku wa mvua. Ukifunga usiku wa mvua, umeufungia unyevu ndani.

Jezi haina makuu. Iwe ya polista au ya pamba, igeuze ndani nje, ifue kwa mkono kwa maji baridi na sabuni kidogo, bila dawa ya madoa, kisha uianike kivulini. Jasho likibaki ndani yake ndilo chakula cha ukungu. Pasi isiguse namba iliyobandikwa. Usiikunje juu ya namba, itapasuka kwenye mkunjo. Izungushe kwenye roli la karatasi ngumu lililofunikwa kipande cha khanga safi. Naftalini isiwekwe kabisa, maana mvuke wake hulainisha namba za plastiki.

Ukitaka kuitundika, fundi wa fremu akutengenezee boksi lenye kina cha sentimita 5, na jezi ishonwe kwa uzi kwenye kitambaa cha nyuma. Kataa gundi, kataa stepla. Pini zinaota kutu. Boksi litundikwe kwenye ukuta wa ndani usiopigwa jua wala mvua, na pembe za nyuma ziwekewe vipande vya mbao vya sentimita 1 ili hewa ipite na mchwa waonekane mapema. Ukuta wa nje wa tofali za saruji unanyonya maji masika yote, hata kama rangi yake inaonekana kavu.

Mwisho, shule. Iwe Makongo, Jitegemee, Azania, Zanaki au shule ya kata ambayo haijawahi kuandikwa gazetini, ipelekee nakala. Usiipelekee vitu halisi, kwani ofisi hubadilika na makabati huhama. Chapa picha 2 za inchi 8 kwa 12 zenye majina yote chini yake, toa fotokopi ya kurasa za kaunta buku yako, weka na flashi moja. Andika barua ya kawaida kwa mkuu wa shule, nakala kwa mwalimu wa michezo, utaje idadi ya kila kitu ulichokabidhi. Iandike katika nakala 2, moja uigongeshe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Nenda asubuhi ya siku ya kazi ambayo si kipindi cha mitihani, na umwombe mwalimu wa michezo aongee na timu ya sasa dakika chache ukiwa na picha mkononi. Watakuuliza mlishindaje, uwe umesoma daftari lako.