Usimkimbilie Mwenzako Ndani ya Tangi

Kijana mmoja wa mtaani kwetu Mtongwe, Mombasa, alinipigia simu wiki iliyopita. Amemaliza kozi ya msingi ya meli za mafuta na kemikali, cheti anacho, na wakala amemwahidi meli. Akaniuliza: "Kaka, sasa niko tayari, ama kuna kingine?" Nilimwambia nitamwandikia, kwa sababu jibu lake si la simu. Haya ndiyo niliyomwandikia, nimeyaongeza kidogo kwa ajili ya wengine wanaosubiri meli ya kwanza.

Nina miaka 14 kwenye meli za petroli, dizeli, mafuta ya ndege na kemikali. Mwaka wangu wa pili nilikuwa na cheti kama hicho chake. Swali la mtihani lililouliza "ukimwona mwenzako ameanguka ndani ya tangi utafanya nini" nililijibu sawasawa: toa taarifa, usiingie, subiri kikosi chenye mitungi ya hewa. Nilipata alama zote.

Siku yenyewe ilipofika, nusura nife.

Tulikuwa tumeshusha petroli na tulikuwa tunasafisha tangi ili lipokee shehena nyingine. Tangi lilioshwa, likapulizwa hewa, likapimwa. Kipimo kilisoma oksijeni asilimia 20.9 na hakikuonyesha mvuke wowote wa kuwaka. Kibali cha kuingia kikaandikwa. Mwenzangu akashuka kuzoa masalio ya matope kwenye kisima cha pampu, na mimi nikawekwa mlangoni na redio. Kazi ya mtu wa mlangoni ni moja tu: kumwangalia aliye chini na kupiga kelele likitokea jambo.

Baada ya muda nikamwona anayumba kama mtu aliyelewa. Akapiga magoti. Nikamwita, hakujibu.

Sikumbuki kuamua lolote. Ninachokumbuka ni mguu wangu wa kulia kwenye ngazi ya tangi, redio nimeiacha sakafuni, na mkono wa afisa mkuu ukinivuta kwa ukosi wa ovaroli hadi nikaanguka chali. Alinikalia kifuani huku akitoa amri kwenye redio yake. Watu wawili wakaja na mitungi mgongoni, wakashuka na kamba, wakamtoa. Aliishi. Alitapika na kuumwa kichwa siku mbili, kisha akarudi kazini. Mimi ndiye nilikaa wiki nzima sipati usingizi.

Nilikuja kuelewa baadaye kilichotokea. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unalala chini. Kipimo kilichukuliwa mdomoni mwa tangi, na huko juu hewa ilikuwa safi kweli. Chini, matope yalikuwa yameshikilia mvuke ndani yake, na kila alipoyakoroga kwa beleshi yaliuachilia. Ndiyo maana tangi linapimwa juu, katikati na chini, kwa mpira mrefu unaofika sakafuni, na aliye ndani anavaa kipimo chake kifuani na kukiacha kikiwaka mpaka atoke. Tangi linaweza kuwa salama saa tatu na kuwa kaburi saa tatu na robo.

Lakini zaidi ya hilo, jifunze kwa miguu yangu. Kichwa kilikuwa na jibu, miguu haikuwa nalo. Sisi watu wa pwani tumelelewa hivyo: mtu akizama, unaruka. Akianguka kisimani, unashuka. Ukisimama tu kutazama utaitwa nani? Malezi hayo ni mazuri, na ndani ya tangi ndiyo yanayoua mtu wa pili na wa tatu. Ajali za namna hii hufuata njia ileile bandari zote: mmoja anaanguka kwa kukosa hewa, wa pili anashuka kumtoa, wa tatu anawafuata. Cheti peke yake hakimzuii mtu kuwa mmoja wao. Upendo wako kwa mwenzako lazima upite kwenye redio kwanza. Kuita msaada ndiko kumwokoa.

Ndiyo maana mazoezi yana maana kuliko karatasi. Sheria za kimataifa zinataka zoezi la kuingia na kuokoa katika sehemu zilizofungwa lifanyike kila baada ya miezi miwili. Kuna meli wanalifanya kwa kusaini tu. Ukiwa kwenye zoezi la kweli, omba uvae mtungi. Omba uzibwe kioo cha barakoa kwa kitambaa ili usione, uteremke ngazi kwa kupapasa. Jisikie pumzi yako inavyokwenda mbio na mshale wa mtungi unavyoshuka haraka kuliko ulivyoambiwa darasani. Mwili ukishapita hapo mara tano au sita, siku ya kweli utakumbuka wenyewe.

Nimempa kijana wangu shauri jingine, na hili sijalisikia likifundishwa popote: andika noti zako kwa Kiswahili. Kozi ni ya Kiingereza, mtihani ni wa Kiingereza, na melini amri ni za Kiingereza, lazima uzijue. Lakini siku ile mlangoni, afisa mkuu alipiga kelele kwa Kihindi, mpishi aliyekuja mbio alisali kwa Kitagalogi, na mimi niliambiwa baadaye kwamba nilikuwa nikisema "mamaangu, mamaangu". Hofu ikija, mtu hurudi kwenye lugha ya nyumbani. Basi lile neno muhimu likukute huko. Daftari langu la mfukoni ukurasa wa kwanza umeandikwa: "Usishuke. Bonyeza redio. Sema jina la tangi." Huo wa pili: "Harufu ya mayai viza ikipotea, ondoka."

Huo wa pili niufafanue. Mafuta ghafi, na mara nyingine hata mafuta mazito ya injini, huwa na gesi ya salfidi hidrojeni. Kwa kiasi kidogo inanuka kama yai viza. Kiasi kikifika takriban sehemu 100 kwa milioni inaiua pua, husikii tena harufu yoyote, na mtu asiyejua anadhani hatari imepita. Usiamini pua. Amini kipimo kilichojaribiwa asubuhi hiyo kwa gesi yake ya majaribio.

Na kuna sumu isiyo na haraka. Benzini imo ndani ya petroli na imo kwenye kemikali nyingi tunazobeba. Hutaanguka leo. Inaingia kwenye mapafu na kwenye ngozi, na miaka ikipita inaharibu damu, hadi saratani ya damu. Vijana wanafungua kifuniko cha kupimia shehena bila barakoa kwa sababu ni dakika moja tu. Zihesabu hizo dakika kwa miaka kumi.

Sasa upande wa uchafuzi, ambako kuna hisia ya pili ya kuizuia: ya kuficha.

Tulikuwa tumefunga gati, tunapakua dizeli usiku. Kabla ya kazi matundu yote ya kutolea maji kwenye deki yanazibwa, ili mafuta yakimwagika yabaki juu ya meli. Tulifanya hivyo. Saa saba usiku mvua ikapiga, maji yakajaa deki, mtu akatoa kizibo kimoja ili maji yapungue. Ni jambo la kawaida na linaruhusiwa, mradi mtu asimame pale, ahakikishe ni maji matupu, kisha arudishe kizibo. Hakurudisha. Karibu na alfajiri kiungo cha mpira wa kupakulia kikaanza kuvuja, beseni lililo chini yake likajaa na kufurika, na dizeli ikafuata njia ya maji hadi kwenye lile tundu. Tulipoangalia ubavuni, bahari ilikuwa inang'aa rangi za upinde wa mvua chini ya taa.

Mtu mmoja, mzoefu kuliko mimi, alikimbilia stoo na kurudi na ndoo ya sabuni ya kuoshea deki. Nia yake ilikuwa kuimwaga baharini ili ule mng'aro upotee kabla gati halijaamka. Nilimwelewa. Nilitaka kumsaidia. Kila mtu aliwaza faini, mkataba, watoto.

Sabuni haiondoi mafuta. Inayavunja vipande vidogo na kuyashusha kwenye maji, yanakowafikia samaki na makinda yao, na wale wa boya za kuzuia mafuta wakifika hawana cha kukusanya tena. Kumwaga sabuni au dawa ya kutawanya mafuta bila idhini ya mamlaka ni kosa jingine juu ya lile la kwanza. Bosuni wetu, kiongozi wa mabaharia wa deki, akamnyang'anya ndoo. Pampu zilikuwa zimeshasimamishwa, kizibo kikarudi, vumbi la mbao likamwagwa kwenye deki, na nahodha akapiga simu bandarini mwenyewe kufuata ukurasa wa mpango wa dharura wa mafuta. Kilichoingia majini kilikuwa kidogo na kilizingirwa. Tuliulizwa maswali mengi, tukajibu. Mtu hakufungwa. Siku hiyo ndiyo niliyojifunza kwamba taarifa inayotolewa katika dakika kumi za kwanza ina thamani ambayo kesho yake haiwezi kununuliwa.

Nasema haya nikiwa mtoto wa Mtongwe. Mwaka 2005 mafuta ghafi yalimwagika kutoka meli hapa Kilindini yakaingia kwenye mikoko ya Port Reitz. Ami yangu alikuwa mvuvi. Mkoko unapumua kwa mizizi inayochomoza matopeni, na mafuta yakiipaka mizizi hiyo ni kama kumziba mtu pua. Ukiona kaa wamekufa chini ya mikoko, na ami yako anarudi na wavu mweusi asioweza kuutakasa, hutahitaji mwalimu akueleze kwa nini kuna MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia meli kuchafua bahari.

Mkataba huo unasema maji ya ngama ya chumba cha injini, yaani maji machafu yanayojikusanya chini ya meli, yanaweza kutolewa baharini meli ikiwa inasafiri, yakiwa yamechujwa hadi mafuta yasizidi sehemu 15 kwa milioni. Kila hatua inaandikwa kwenye kitabu cha kumbukumbu za mafuta, na kitabu kinatunzwa melini miaka mitatu tangu maandishi ya mwisho. Utakutana, Mungu akuepushe, na mtu atakayekuambia uunganishe bomba la pembeni usiku ili ngama ipite bila kuchujwa. Usiliguse. Marekani hushtaki kwa kitabu cha uongo kilichoonyeshwa bandarini mwao, hata kama mafuta yalimwagwa katikati ya bahari kuu, na mabaharia wadogo wamekaa huko miezi wakiwa mashahidi huku mikataba yao ikiisha. Sheria yao pia inaruhusu mahakama kumpa aliyetoa taarifa hadi nusu ya faini. Andika uliloliona, tarehe na saa, weka kwako.

Wengine mtasema mimi siendi meli ya mafuta, naenda ya makontena, hayo hayanihusu. Yanakuhusu, pengine zaidi, kwa sababu kwenye meli ya mafuta unajua umekalia nini. Mei 2021 meli ya X-Press Pearl iliwaka moto karibu na Colombo. Ilikuwa na kontena la asidi ya nitriki lililokuwa likivuja, na bandari mbili zilikuwa zimekataa kulishusha. Meli ikazama Juni, na punje za plastiki zikafunika fukwe za Sri Lanka. Kwenye meli zinazopita Mombasa na Dar es Salaam kuna sianidi ya migodi ya dhahabu na kuna klorini ya kusafishia maji. Mkaa wenyewe, huu wa jikoni, umo kwenye orodha ya shehena hatari kwa namba UN 1361, kundi la 4.2, kwa kuwa unaweza kupata joto na kuwaka bila kiberiti.

Jifunze makundi yote tisa kwa rangi na alama zake mpaka uyatambue kwa mbali, gizani, kwa tochi. La 4.3, lenye rangi ya buluu, ndilo la kukariri kwanza: vitu hivyo vikilowa maji vinatoa gesi inayowaka. Kabaidi ya mafundi wa kuchomelea ni mojawapo. Mkono wa baharia huwahi mpira wa maji kila aonapo moshi, na hapa ndipo tena mkono unatakiwa usubiri mpaka mtu asome kundi na karatasi ya dharura ya shehena hiyo.

Kuhusu cheti chenyewe sina mengi. Cha msingi kinakuruhusu kufanya kazi chini ya usimamizi. Cha juu kinahitaji muda wa bahari, kwa kawaida angalau miezi mitatu kwenye meli ya aina hiyo. Usinunue muda huo kwa wakala anayekuambia atakuandikia. Afisa yeyote makini atakugundua siku ya kwanza utakapoulizwa ufuate bomba kwa mguu kutoka manifoldi, pale mpira wa kupakulia unapounganishwa na meli, hadi tangi, na usipogunduliwa ndiyo hatari zaidi, maana utakabidhiwa valvu.

Kwa hiyo kijana wangu, wiki ya kwanza melini omba ruhusa ufuate mabomba yote kwa mguu, ushike kila kitufe cha kusimamisha pampu kwa mkono wako, na usome karatasi ya usalama ya shehena iliyopo kabla hujaigusa. Halafu muulize afisa wako zoezi la mwisho la tangi lilifanyika tarehe gani. Ikiwa miezi miwili imepita, mwombe kwa adabu lifanyike, na umwambie ungependa wewe ndiye uvae mtungi.