Geminidi za Desemba: mawingu yasikukatishe tamaa, washa redio

Kaka wa Likasi, umeuliza kama kuna haja ya kukesha kungoja Geminidi, vimondo vya kila Desemba, wakati Desemba ndiyo mvua zetu zimekolea. Ipo, tena kubwa, ila kazi hiyo uyaachie masikio.

Kimondo huungua kwenye kimo cha kilomita 80 hadi 120, juu kabisa ya mawingu, na huacha mstari wa hewa yenye chaji za umeme. Mstari huo hurudisha ardhini mawimbi ya FM ambayo yangepotelea angani. Tafuta masafa yasiyo na stesheni hapa Katanga, lakini yenye mtambo mkubwa wa kurusha matangazo mbali. Mimi husikilizia Dar es Salaam, kama kilomita 1,400 kutoka Lubumbashi. Kaa karibu na 88 MHz kuliko 108, maana mawimbi yakiwa marefu mwangwi hudumu zaidi, na kwa vimondo vidogo tofauti ni kama mara moja na nusu.

Redio ya gari inatosha, mradi uizuie isiruke yenyewe kutafuta stesheni nyingine. Ukitaka antena, nyaya mbili za shaba za sentimita 80 kila moja, juu ya mwanzi, mbali na bati. Umeme ukikatika mtaani, furahi: chaja na taa za LED zinaacha kuchafua mawimbi, na redio ya betri inasikia vizuri ajabu.

Utasikia mvumo mtupu kwa muda. Ghafla silabi moja, “...kari...”, kisha mvumo tena. Hicho ni kimondo kidogo. Kikubwa kinakupa sekunde kadhaa, nusu sentensi ya mtangazaji, na kwa matamshi tu unajua huyu si mtu wa Lubumbashi. Radi hukwaruza bila sauti ya mtu. Sauti inayopanda polepole na kukaa dakika nzima usiihesabu; mara nyingi ni eropleni, ambayo nayo hurudisha mawimbi.

Usiku wa kuamkia 14 Desemba anza saa nne; saa nane kundi la nyota la Mapacha, ambako Geminidi huonekana kutokea, liko juu kabisa upande wa kaskazini.

Na usiuze redio ikifika Juni! Karibu na tarehe 7 kuna Arietidi, vimondo vingine, zinazoanguka mchana jua likiwaka. Waliozigundua kwa rada katika kituo cha Jodrell Bank, Uingereza, mwaka 1947, hawakuwa na njia ya kuziona kwa macho. Sikiliza tangu alfajiri hadi saa nne asubuhi.

Niandikie masafa yaliyo wazi huko Likasi, nami niyasikilize usiku uleule tulinganishe saa kwa saa.