Mtoto Wako Akiombwa Kushiriki Utafiti wa Selimundu

Mzazi mwenye mtoto wa selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, anayehudhuria kliniki ya hospitali kubwa, iwe Dar es Salaam, Kilifi, Mbale au Kampala, huenda siku moja akaitwa pembeni na muuguzi mwenye karatasi kadhaa mkononi, aombwe ridhaa ya mtoto wake kuingia kwenye utafiti. Mimi ni mama wa binti mwenye ugonjwa huo, ambaye sasa yuko sekondari, na wazazi wenzangu wa kliniki hunipigia simu mara kwa mara wakiuliza kama wasaini au wakatae. Nawaambia wote jambo moja: hofu isikufanye ukatae, na heshima kwa daktari isikufanye usaini upesi; uliza mpaka uelewe, kisha uamue.

Hofu inayosemwa zaidi ni kwamba watoto wetu wanafanyiwa majaribio ya dawa ambazo wenye mali hawathubutu kuwapa watoto wao. Kwa selimundu, historia ya dawa ya haidroksiyurea inaonyesha kinyume chake, na naomba msomaji avumilie niieleze kwa kirefu, kwa sababu ndiyo iliyonishawishi mimi mwenyewe.

Haidroksiyurea ilikuwa ikitumika kutibu baadhi ya saratani za damu kabla haijafika kwetu, na ndiyo maana mzazi akisikia jina lake kwa mara ya kwanza hushtuka na kuuliza kama mwanawe ana saratani. Hana. Dawa hiyo ilionekana kuongeza aina ya himoglobini (kiini cha damu kinachobeba hewa ya oksijeni) iitwayo himoglobini ya kichanga, ile ambayo mtoto huwa nayo akiwa tumboni na ambayo hupungua katika miezi ya mwanzo baada ya kuzaliwa. Himoglobini hiyo ikiwepo kwa wingi, chembe nyekundu hazijikunji kwa urahisi kuwa na umbo la mundu, na mishipa midogo haizibi ovyo na kuleta maumivu. Marekani iliidhinisha dawa hiyo kwa watu wazima wenye selimundu mwaka 1998. Huku kwetu, ambako watoto wengi zaidi huzaliwa na ugonjwa huo (kwa Tanzania peke yake inakadiriwa ni wapatao 11,000 kila mwaka), madaktari wengi walisita kuitoa, na kusita kwao kulikuwa na msingi: dawa hiyo inaweza kushusha chembe nyeupe, zile zinazopigana na maradhi, na mtoto wetu anaishi na malaria mlangoni. Ingemlinda na maumivu kisha imwache malaria immalize?

Swali hilo halikuweza kujibiwa Marekani, kwa sababu huko hakuna malaria. Lilijibiwa kwanza Kampala, katika Hospitali ya Mulago, ambako watoto 207 wenye umri wa mwaka 1 hadi 4 waligawanywa makundi mawili, kundi moja likapewa dawa na jingine likapewa kitu kinachofanana nayo kisicho na dawa ndani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba waliopewa dawa hawakuugua malaria zaidi ya wenzao. Ukafuata utafiti mkubwa zaidi katika miji ya Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale, ambako watoto 606 walianzishiwa dawa, na hali ya kila mtoto ikalinganishwa na ilivyokuwa kabla ya kuianza. Mwaka 2019 tukaambiwa kwamba vipindi vya maumivu vilishuka kutoka 98.3 hadi 44.6 kwa kila watoto 100 kwa mwaka, malaria ikapungua kwa takriban nusu, kuongezewa damu kukapungua mno, na vifo vikashuka kutoka 3.6 hadi 1.1 kwa kipimo hichohicho. Takwimu hizo zilitokana na wazazi waliokubali kurudi kliniki kila walipohitajika, na binti yangu anapomeza dawa yake kila siku ninajua kwamba anakula matunda ya watoto wasiomfahamu.

Baada ya kusema hayo, sina budi kusema pia kwamba si kila utafiti huishia vizuri. Dawa iitwayo voxelotor iliidhinishwa Marekani mwaka 2019 ikiwa na matumaini makubwa, lakini mwaka 2024 watengenezaji wake wakaiondoa sokoni duniani kote, baada ya takwimu mpya kuonyesha kwamba hatari zake zilizidi faida. Kwa hiyo ukikaa mbele ya yule anayekuomba ridhaa, muulize ni nani anayefuatilia usalama wa washiriki, na ana mamlaka gani ya kusimamisha utafiti mambo yakienda kombo. Mtafiti anayeijua kazi yake atakujibu bila kubabaika. Muulize pia kama utafiti una kibali cha maadili, ambacho kwa Tanzania Bara hupatikana kutoka Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na umwombe akuonyeshe namba ya kibali na namba ya simu ya kupeleka malalamiko. Fomu ya ridhaa unayo haki ya kwenda nayo nyumbani, ukaisoma na mwenzako au na ndugu aliyesoma, ukarudi siku ya kliniki inayofuata na maswali yako. Na likitajwa neno lolote linaloashiria kwamba ukikataa matibabu ya kawaida ya mtoto yatapungua, ujue kwamba hapo utaratibu umekiukwa, kwani mtoto ana haki ya huduma hata asiposhiriki, na anaweza kujitoa wakati wowote.

Kuhusu damu, uliza watachukua kiasi gani, na uombe wakutajie kwa vijiko vya chai badala ya vipimo vya maabara. Mtoto wa selimundu mwenye himoglobini ya gramu 6 au 7 kwa desilita hana akiba kubwa, na ni busara kuuliza kama kipimo cha utafiti kinaweza kuchukuliwa siku ileile ya kipimo chake cha kawaida, ili achomwe sindano mara moja. Uliza sampuli itahifadhiwa wapi na kwa muda gani, na kama itasafirishwa nje ya nchi ni kwa mkataba gani. Kupeleka sampuli nje si dhambi, maana vipimo vingine havifanyiki hapa, ila ni haki yako kujua. Uliza nani atakurudishia nauli. Uliza, na hili wengi hulisahau, kama dawa itaendelea kupatikana utafiti utakapokwisha.

Utafiti wa vinasaba una jambo lake la pekee, ambalo ni gumu kulizungumza lakini halifai kufichwa. Selimundu hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili. Wazazi wenye AS kila mmoja (yaani wamebeba kinasaba kimoja cha selimundu bila kuugua) wanapopata mimba, uwezekano wa mtoto kuzaliwa na SS, yaani na ugonjwa wenyewe, ni asilimia 25 kwa kila mimba, wala hakuna aliyerogwa na hakuna ukoo wa kulaumiwa. Watafiti wanapopima familia nzima wanaweza kugundua kwamba mtoto si wa baba anayedhaniwa. Waulize kabla ya kutoa damu watafanya nini na habari ya namna hiyo. Nimeona nyumba ikiyumba kwa habari iliyotolewa pasipo utaratibu, na aliyeumia zaidi ni mtoto mgonjwa.

Siku hizi wazazi hutumiana habari za tiba ya jeni, yaani ya kurekebisha vinasaba vya mgonjwa, na matumaini yamekuwa makubwa. Ni kweli kwamba Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya aina hiyo iitwayo Casgevy mwishoni mwa mwaka 2023 kwa wagonjwa wenye miaka 12 na kuendelea. Mgonjwa hutolewa seli mama za damu, zile zinazozalisha damu, zikarekebishwa maabara, kisha hupewa dawa kali za saratani ili kuufuta uloto wake (ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu) kabla ya kurudishiwa seli hizo. Dawa hizo kali zinaweza kuathiri uwezo wa kuzaa, na bei ya Casgevy ilitangazwa Marekani kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Tiba nyingine ya aina hiyo, Lyfgenia, inabeba onyo la saratani ya damu, kwa sababu baadhi ya washiriki wa utafiti wake waliipata. Kilicho karibu nasi zaidi ni upandikizaji wa uloto kutoka kwa kaka au dada ambaye vipimo vyake vinalingana na vya mgonjwa, ambao Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwafanyia watoto wa selimundu mwaka 2023. Akitokea mtu kukuuzia tiba ya jeni kwa simu, kata simu.

Ukishakubali, kaa humo kikamilifu. Utafiti wa Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ulioanza mwaka 2004, ukiongozwa na Profesa Julie Makani, ulifuatilia wagonjwa 1,725 hadi mwaka 2009, ukaonyesha kwamba vifo vilikuwa vingi zaidi kwa walio chini ya miaka 5, na kwamba himoglobini iliyo chini ya 5 ni dalili ya hatari. Lakini wagonjwa 209 walipotea, haikujulikana kama wako hai au la. Kila aliyepotea ni jibu lililokosekana. Ukibadilisha namba ya simu, ukihamia mkoa mwingine, au hata mtoto akifariki, Mungu aepushe, wajulishe. Weka nakala ya fomu uliyosaini ndani ya daftari la kliniki, ili daktari wa zamu usiku ajue mtoto anatumia dawa gani.

Na mtoto mwenyewe aulizwe. Wa miaka saba au minane anaweza kueleweshwa kwa maneno yake kwa nini anachomwa sindano ya ziada, na akisema hataki, sauti yake isipuuzwe kwa sababu wewe umeshasaini. Binti yangu alipofika umri wa kusoma fomu mwenyewe, aliuliza maswali ambayo mimi sikuyafikiria, likiwemo la nani atakayeona jina lake. Atakapotimiza miaka 18 saini yangu haitatosha tena. Watafiti watapaswa kumwomba ridhaa yeye, na jibu litakuwa lake.