Namna ya Kuisoma Ireland ya Kale: Mawe, Miswada na Masimulizi

Wasomaji wenzangu wanaopenda fasihi simulizi huniuliza mara kwa mara waanzie wapi wanapotaka kuijua historia ya kale ya Ireland pamoja na ngano zake. Kwa muda wote niliokaa Dublin nimekuwa nikijisomea mambo haya jioni baada ya kazi na kuyatembelea maeneo yenyewe siku za mapumziko, na ushauri wangu haujabadilika: usianze na vitabu vinavyosimulia yote kwa pamoja, kana kwamba ni kisa kimoja cha Waselti wa kale, watu wanaotajwa sana kuwa mababu wa Waireland. Ireland imeachiwa urithi wa namna tatu. Kuna mawe, yaliyosimamishwa na watu ambao hawakuacha maandishi yoyote. Kuna miswada, iliyonakiliwa na watawa wa Kikristo maelfu ya miaka baada ya mawe hayo. Na kuna masimulizi ya mdomo, ambayo sehemu kubwa ilikusanywa katika karne ya 20 kutoka vinywani mwa wakulima na wavuvi. Kila unaposikia dai kuhusu Ireland ya kale, uliza kwanza limetoka katika fungu lipi.

Ukipata nafasi ya kusafiri, anza na mawe. Katika bonde la mto Boyne, kaskazini mwa Dublin, yako makaburi makubwa ya Newgrange, Knowth na Dowth. Newgrange ilijengwa yapata mwaka 3200 kabla ya Kristo, yaani zaidi ya miaka 500 kabla ya Piramidi Kuu ya Giza. Ujia wake una urefu wa mita 19, na juu ya mlango kuna tundu lililojengwa kwa makusudi. Katika siku chache zinazozunguka tarehe 21 Desemba, mchana unapokuwa mfupi kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka, tundu hilo hupitisha mwanga wa jua linalochomoza hadi chumba cha ndani kwa dakika 17 hivi. Wanaoingia asubuhi hizo huchaguliwa kwa kura; sisi wengine huingia siku za kawaida, taa zikazimwa, na mwongozaji akatuonyesha kwa mwanga wa umeme jinsi jua linavyotambaa sakafuni. Nenda hata hivyo, kwa maana hakuna picha inayoweza kukufundisha ukimya na ubaridi wa chumba kile. Lakini ukisimama mbele ya ukuta mweupe wa nje, kumbuka kwamba ulijengwa upya baada ya uchimbaji uliofanyika kati ya 1962 na 1975, na kwamba wanaakiolojia bado wanabishana iwapo mawe hayo yaliwahi kusimama namna hiyo.

Aliyeongoza uchimbaji huo ni Michael J. O'Kelly. Watu walikuwa wakimwambia kwamba kuna wakati katika mwaka ambapo jua huingia hadi ndani kabisa ya kaburi, naye mwanzoni alidhani wanachanganya na habari za Stonehenge, duara la mawe ya kale la Uingereza. Hata hivyo, alfajiri ya tarehe 21 Desemba 1967 aliingia, akasubiri, na mwanga ukamfikia. Namtaja kwa sababu mwenendo huo ndio ninaomshauri kila anayeingia katika somo hili: maneno ya wenyeji ni ya kupimwa kwa subira, hata pale yanapoonekana hayana mashiko.

Mfano wa Dowth ni mgumu zaidi, nami huurudia kila mara. Miswada ya Ireland ina mkusanyiko wa visakale vinavyoeleza asili ya mahali mbalimbali, na kimoja, kinachoeleza asili ya Dowth, kinasimulia kwamba katika enzi ya mfalme Bresal tauni iliua ng'ombe wote wa nchi, wakabaki majike saba na fahali mmoja. Mfalme akawakusanya wanaume wa Ireland wamjengee kwa siku moja mnara wa kufika mbinguni, naye dada yake akalisimamisha jua kwa uganga ili siku hiyo isiishe. Kisha mfalme akamwingilia dada yake, uganga ukavunjika, giza likashuka, na wajenzi wakatawanyika kwa kuwa ahadi yao ilikuwa ya siku moja tu. Mwaka 2020 watafiti wa Trinity College Dublin, wakiongozwa na Lara Cassidy, walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya mtu ambaye kipande cha fuvu lake kilipatikana katika chumba cha Newgrange. Ilibainika kwamba wazazi wake walikuwa ndugu wa damu wa karibu kabisa: kaka na dada, au mzazi na mwana. Watafiti wenyewe waliona hapo dalili ya ukoo wa kifalme, wakakitaja kisa cha Dowth, na magazeti yakaandika kama kwamba kumbukumbu ya watu ilikuwa imevuka miaka elfu nne bila kupotea.

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji apunguze mwendo. Kisa hicho kiliandikwa yapata karne ya 11 baada ya Kristo, na katika muda huo mrefu watu wapya waliingia kisiwani, lugha ikabadilika na dini ikabadilika. Isitoshe, wanaakiolojia wengine wamepinga kwamba kipande kimoja cha mfupa kinatosha kuthibitisha kuwapo kwa ukoo wa kifalme uliooana wenyewe kwa wenyewe. Sishauri kukitupa kisa cha Bresal, ambacho kwangu ni miongoni mwa visa vizito kuliko vyote vya Ireland. Ninachofanya ni kukisoma sambamba na ripoti ya watafiti, bila kukigeuza kimoja kuwa shahidi wa kingine.

Ukifika kwenye miswada, msome pia mwandishi na si kisa peke yake. Kitabu cha Leinster, cha karne ya 12, kina kisa kikuu cha uvamizi wa ng'ombe wa Cúailnge, ambamo malkia Medb wa Connacht, magharibi mwa Ireland, anakwenda vitani kulichukua fahali la Ulster, jimbo la kaskazini, na kijana Cú Chulainn anayazuia majeshi yake peke yake. Mwishoni aliyekiandika ameweka nyongeza mbili. Kwa Kigaeli, lugha ya asili ya Ireland, anambariki kila atakayekihifadhi kisa moyoni kwa uaminifu bila kukibadilisha. Kwa Kilatini anasema kwamba yeye hayaamini mambo yaliyomo, kwani mengine ni hila za mashetani na mengine ni ubunifu wa washairi. Kwa maoni yangu hakuna ukurasa unaofaa zaidi kumfungulia mwanafunzi macho, kwa sababu unaonyesha mtu wa Kanisa anayekilinda kisa cha wahenga wake huku akikionea shaka. Uangalifu uo huo unahitajika katika masimulizi ya karne ya 11 kuhusu watu walioingia Ireland kwa mafungu, ambayo yanaanza na Cessair, mjukuu wa Nuhu. Msomaji anayeikumbuka Tarikhi ya Kilwa na merikebu saba zilizotoka Shiraz atatambua upesi kwamba nasaba ya namna hii hueleza zaidi heshima waliyoitafuta waandishi wake kuliko safari za mababu.

Kabla ya miswada hiyo, na hata baada yake, hadithi zilikuwa mali ya washairi wasomi walioitwa filid. Aliyetaka kufikia daraja la juu kabisa alitakiwa kuwa na hadithi 350 kichwani, yaani 250 kuu na 100 za ziada, nazo zilipangwa kwa kufuata tukio: uvamizi wa ng'ombe, posa, vita, safari za baharini, vifo. Mgawanyo wa hadithi hizo katika mafungu manne unaokutana nao vitabuni leo ni wa wanazuoni wa baadaye. Nashauri uchague hadithi moja tu kwa mwanzo, uisome katika tafsiri kamili, kisha ndipo uende kwenye nyingine.

Washairi hao waliishi kwa kutegemea watawala wa Kigaeli. Watawala waliposhindwa na Waingereza vitani Kinsale, kusini mwa kisiwa, mwaka 1601, na wakuu wa Ulster walipokimbilia bara la Ulaya mwaka 1607, shule za ushairi zilikosa wa kuzilisha, na hadithi zikabaki kwenye meko ya watu wa kawaida. Njaa kubwa iliyoanza mwaka 1845 iliwapiga zaidi maskini wa maeneo yaliyozungumza Kigaeli. Kwa hiyo, mwaka 1923 mkusanyaji wa ngano Séamus Ó Duilearga alipokutana na Seán Ó Conaill, mkulima na mvuvi wa Kerry, kusini-magharibi mwa nchi, asiyejua kusoma wala kuandika, alikuwa amekutana na mrithi wa usanii wa karne nyingi. Inasimuliwa kwamba Ó Conaill alipokuwa akichunga ng'ombe alizirudia hadithi zake kwa sauti, pamoja na ishara zote za mikono, ili zisimtoke. Nawe ukitaka kuzielewa zisome kwa sauti, tena usiku, kwa kuwa huko pia ilisemwa kwamba kutamba hadithi mchana huleta nuksi.

Mwaka 1935 Ó Duilearga alikabidhiwa Tume ya Ngano ya Ireland, na kati ya 1937 na 1939 watoto wapatao 50,000 wa shule za msingi 5,000 waliombwa kuandika yale waliyoyasikia kwa wazee wao. Kurasa zipatazo 740,000 za kazi hiyo zinasomwa bure kwenye mtandao wa dúchas.ie, nyingi zikiwa kwa Kiingereza. Kwa mtu aliye mbali na Ireland hakuna hazina bora kuliko hii. Usiisome ovyo: chagua mada moja, kama vile ngome za duara za udongo zilizotapakaa mashambani, kisha linganisha kurasa za vijiji mbalimbali. Wanaakiolojia wanazitambua ngome hizo kuwa makazi ya wakulima wa karne za mwanzo za Ukristo nchini Ireland. Watoto wanaandika kwamba ndani yake wanakaa viumbe wanaofanana na majini, na kwamba aliyekata mti hapo alipatwa na balaa. Woga huo ndio uliowazuia wakulima wengi kuzilima, na kwa sababu hiyo maelfu yake yamesalia hadi leo.

Ukija Ireland, chukua ukurasa mmoja wa mtoto unaotaja ngome ya kijiji chake, uitafute kwenye ramani ya serikali ya mambo ya kale, ambayo nayo inapatikana bure mtandaoni, kisha uende kuiona. Nyingi zimo katika mashamba ya watu binafsi, kwa hiyo bisha hodi kwa mwenye shamba na uombe ruhusa. Huyo huyo ndiye wa kumuuliza kile ambacho bibi yake alikuwa akisema kuhusu mahali hapo.