Muulize Fundi: Mashine ya nyasi inanguruma lakini haisogei

SWALI: Fundi, salaam. Mimi ni mwalimu mstaafu, ninaishi Isevya, Tabora. Miaka mitatu iliyopita nilinunua mtumba wa mashine ya petroli ya kukata nyasi, ile aina inayojiendesha yenyewe ukibana mkono wa chuma ulio kwenye mpini, na tangu hapo ndiyo inayosafisha uwanja wa kanisa letu. Msimu huu injini inawaka vizuri na kisu kinakata, lakini mashine inavuta upande wa kushoto, gurudumu la nyuma la kushoto linalia krr-krr, na tukifika penye mchanga haisogei kabisa. Fundi wa bodaboda aliukaza waya wa mkono. Sasa hata nikiuachia mkono mashine inatambaa polepole, na ule mlio haujaisha. Anasema sasa tufungue giaboksi. Je, nikubali?

JIBU: Mwalimu, shikamoo. Usikubali kwanza, kwa sababu barua yako yenyewe inaitetea hiyo giaboksi. Katika mashine za namna hii nguvu hutoka kwenye shafti ya injini, juu kidogo ya kisu, ikapita kwenye mkanda hadi giaboksi moja iliyokaa kwenye ekseli ya nyuma. Kisha kila ncha ya ekseli ina gia ndogo inayouma meno yaliyomo upande wa ndani wa gurudumu. Giaboksi hiyo moja ndiyo inayozungusha magurudumu yote mawili, kwa hiyo ingekuwa imekufa, mashine isingevuta upande wowote. Yako inavuta kushoto, maana yake gurudumu la kulia linasukuma na la kushoto halisukumi, nayo mashine inageukia upande wa mgonjwa. Penye mchanga hilo moja lililobaki linateleza na safari inaishia hapo.

Thibitisha kabla ya kushika spana. Zima injini, iache ipoe, kisha chomoa waya wa plagi na uusogeze mbali, kwa kuwa kukizungusha kisu kwa mkono kunaweza kuiwasha injini unayodhani imelala. Bana mkono wa kuendeshea, halafu ivute mashine kinyumenyume. Katika mashine nyingi gurudumu zima litakataa kuzunguka na litaburutwa tu, ilhali lililoharibika litazunguka huru au litarukaruka kwa mlio ule ule unaousikia. Kama yote mawili yangezunguka huru, ningeshuku waya au giaboksi. Kama yote yangekaza na bado mashine haiendi injini ikiwaka, ningeutazama mkanda.

Sasa inua nyuma ya mashine, iegemeze juu ya matofali, na ulifungue gurudumu la kushoto, ambalo mara nyingi hushikwa na nati moja iliyofichwa chini ya kifuniko cha plastiki. Likitoka utaiona gia ndogo, upana wake unakaribia kizibo cha soda, imezuiwa na klipu kwenye ncha ya ekseli. Ifunike klipu hiyo kwa kiganja unapoing'oa kwa bisibisi, la sivyo itaruka na utaitafuta mchangani hadi magharibi. Vitu vinavyotoka vipange juu ya kitambaa cheupe kwa mfuatano ule ule, na uvipige picha kwa simu. Nyuma ya gia, ndani ya mfereji uliochongwa kwenye ekseli, kuna kijipande bapa cha chuma ambacho watu wengi hukiangusha bila hata kujua kwamba kilikuwepo. Hicho ndicho kinachoikamata gia ekseli inapozunguka kwenda mbele, na kuiachia unapoisukuma mashine kwa mikono. Kikinasa kwenye tope jeusi la grisi na mchanga, au kona zake zikilika zikawa mviringo, gia inarukaruka juu yake, na krr-krr yako inazaliwa hapo.

Safisha kila kitu kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, kisha utazame kwenye mwanga. Kama kijipande kilikuwa kimenasa tu na kona zake ni kali, kirudishe, tatizo limekwisha bila kununua chochote. Kama kimelika, nunua kipya pamoja na gia yake, na umwambie muuzaji waziwazi kwamba unataka ya kushoto. Gia ya kushoto na ya kulia hufanana sana lakini hushika kwa kuelekea pande tofauti. Mimi mwenyewe niliwahi kuzipishanisha, nikamaliza mchana mzima nikisukuma mashine iliyokuwa nzito kwenda mbele na nyepesi kurudi nyuma, huku nikiilaumu giaboksi isiyo na hatia.

Meno ya ndani ya gurudumu nayo yakague kwa kidole. Kwa kawaida hulika upande mmoja tu, ule unaosukumwa, yakabaki yamelala kama meno ya msumeno. Ikiwa yamelika hivyo lakini hayajakatika, na magurudumu yako mawili ya nyuma ni ya namna moja, hamishia la kushoto kulia na la kulia kushoto: sasa meno yatasukumwa kwa ule upande mwingine ambao haujaguswa, na unaweza kupata msimu mwingine kabla ya kuagiza gurudumu kutoka Dar es Salaam. Kumbuka kuhamisha magurudumu tu, gia zibaki pande zake.

Kuhusu grisi najua nitabishana na mafundi wengi. Udongo wa Tabora ni wa mchanga, ule ule unaowafaa wakulima wa tumbaku, na meno ya gurudumu yako wazi chini karibu na ardhi. Ukiyapaka grisi, mchanga unagandia humo na unapata msasa unaozunguka pamoja na gia. Tone moja la oili kwenye ekseli, chini ya gia, linatosha, kisha ufute linalobaki. Meno yenyewe yaache makavu.

Ukimaliza, legeza waya aliokaza fundi wako. Mashine inayotambaa wakati mkono umeachiwa ni hatari, kwa kuwa itakufuata hadi mtaroni, tena katika mashine ambazo mkono hufanya kazi ya kuukaza mkanda, mkanda huo sasa unasuguana na puli muda wote. Uache waya ulegee kidogo mkono ukiwa huru, na ukaze sawasawa unapobanwa. Ukikuta nyuzi zake zimeanza kukatika, waya wa ndani wa breki ya baiskeli mara nyingi unafaa, mradi ncha zake zishikwe vizuri. Huo ni waya wa kuendeshea. Ule mwingine, unaozima injini au kusimamisha kisu unapouachia mkono wake, usiuguse na wala usiufunge kwa kamba ili mkono upumzike. Marekani iliweka kanuni tangu 1982 kwamba kisu cha mashine ya kusukuma kisimame ndani ya sekunde 3 baada ya kuachiwa, na vidole vya Tabora havina tofauti na vya huko.

Mkanda ukiwa unang'aa pembeni kama kioo au umepasuka, badilisha. Usikubali kukatiwa wa mashine ya kusaga: mikanda ya saizi ya A ina upana wa milimita 13 na ya saizi ya B milimita 17, wakati mashine nyingi ndogo za nyasi hutumia mkanda wa milimita 10 hivi, na mkanda mpana hukaa juu ya puli badala ya kuzama ndani yake. Nenda dukani na mkanda wako wa zamani mkononi.

SWALI: Fundi, nipo Ujiji, Kigoma, nyumba ya wageni. Mashine yetu ya nyasi ilikaa stoo tangu Mei. Sasa mvua zimeanza, inawaka dakika mbili kisha inazima. Nianzie wapi?

JIBU: Dada, anzia kwenye kizibo cha tangi, kwani ni bure. Ikizima tu, kifungue kizibo na uiwashe tena papo hapo. Ikiendelea kuunguruma, kijitundu cha kupitishia hewa kwenye kizibo kimezibwa, mara nyingi na vumbi au na mdudu aliyejenga humo. Ikizima tena, lawama ni ya petroli ya Mei, ambayo imeacha ulimbo ndani ya kabureta. Mwaga petroli yote, fungua kibakuli cha chini cha kabureta, kisafishe, kisha uitoe jeti, kile kijipande chenye tundu dogo linalopitisha petroli, na kuizibua kwa unyuzi mmoja wa waya laini wa shaba. Usitumie sindano ya chuma, kwa kuwa tundu la jeti likitanuka kidogo tu mashine itakula mafuta na kutoa moshi mweusi. Fanya kazi hiyo nje, mbali na jiko la mkaa la wageni wako, na ujaze petroli mpya kabla ya kuvuta kamba.