Re: Nguzo za mkaratusi zinaoza mapema

Habari ndugu. Umesema nguzo za umeme za kiwanda chako Mufindi zinaoza usawa wa ardhi, na dawa ya CCA (mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki wa kuzuia mbao zisioze) hujabadilisha. Anza na unyevu wa mti kabla ya kutiwa dawa, siyo dawa yenyewe. Ukizidi asilimia 25 hivi, maji yamejaa ndani na dawa haina pa kuingia, hata ukiongeza presha. Hapa ndipo wengi wanaharakisha, na ndipo hasara inapoanzia.

Kisha, nguzo ikishatiwa dawa, toboa utoe kipande kidogo cha sampuli uangalie: dawa ipenye sehemu yote nyeupe ya nje, kwani kiini cha mkaratusi hakinyonyi. Matundu ya bolti yatobolewe kabla ya kutia dawa. Fundi akilazimika kupunguza urefu, akate kileleni na kupaka dawa, kamwe asikate kitako, yaani upande unaozikwa ardhini.