Je, Mafunzo ya Ufundi Hupunguza Raha ya Dansi?

SWALI: Mhariri, mimi na mwenzangu tunajifunza dansi ya ukumbini. Kipindi kizima mwalimu hutusahihisha mkao wa mikono na namna ya kukanyaga, ilhali sisi tulikuja kujiburudisha. Je, ufundi huo una maana kwa mtu asiyekusudia kushindana?

JIBU: Una maana kubwa, kwa sababu katika dansi ya wawili raha yako inategemea jinsi mwenzako anavyokuelewa bila kuambiwa neno. Chukueni walsi ya polepole, dansi ya ukumbini ya mapigo matatu matatu, ambayo huchezwa kwa mapigo 84 hadi 90 kwa dakika. Kasi hiyo huonekana ndogo, lakini ndiyo inayowashinda wanaoanza: mtu asiyehamishia uzito wake wote kwenye mguu mmoja hukosa pa kusimama, akajikuta anakanyaga hatua inayofuata kabla ya muziki kuifikia. Anayefuata, yaani yule anayeongozwa na mwenzake, naye huusoma uzito huo kupitia mkono wa anayeongoza uliolazwa mgongoni mwa huyo anayefuata, chini kidogo ya bega lake la kushoto. Kiwiko cha mkono huo kikilegea, au kiganja kikianza kusukuma, anayefuata hubaki kubahatisha, na kubahatisha wimbo mzima kunachosha kuliko dansi yenyewe.

Ufundi huu pia huwafungulia mlango wa kucheza na wengine. Mwaka 1924, chama cha Imperial Society of Teachers of Dancing cha Uingereza kiliunda tawi la dansi ya ukumbini, ambalo lilishughulikia kuoanisha hatua na mbinu zilizokuwa zikifundishwa kila mtu kwa namna yake. Ni kwa sababu ya kanuni za pamoja za namna hiyo kwamba watu wawili wasiofahamiana wanaweza kushikana na kucheza walsi au tango papo hapo.

Hata hivyo, naona malalamiko yenu yana haki. Kipindi cha masahihisho matupu, kisicho na wimbo hata mmoja unaochezwa hadi mwisho, kina kasoro. Mwombeni mwalimu achague jambo moja tu kwa kila kipindi, kisha awaache mcheze bila kuwakatiza. Mkao wa madaha wa washindani, ule wa kurefusha shingo na kupinda mgongo, unaweza kusubiri. Anzeni na uzito na mkono wa mgongoni. Mitindo ya mizunguko, ambayo wengi huikimbilia mapema mno, ifuate baadaye.